Fremu Ishirini na Mbili za Doña Otilia

Olman aliingia na kayaki begani, maji yakimchuruzika mpaka vidoleni, akaiweka kamera mezani mbele ya Xinia kama mtu anayeleta samaki jikoni.

"Leo ni wazee," akasema. "Klabu ya wastaafu wa mji wa Juan Viñas. Nimecheka mpaka mbavu zinauma."

"Maji?"

"Sabini kwenye nguzo ya kupimia. Mto umetulia."

Xinia Solano akaandika: sabini. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake katika daftari lake: tarehe, kimo cha maji, jina la nahodha, saa ambayo boti lilifika ufukweni. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu aanze kazi katika kibanda hiki cha mabati kando ya mto Reventazón, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu ndani ya boti la mpira. Hakujua kuogelea, wala hakuona haja. Mto aliujua kwa dakika na sekunde. Alijua mkondo wa Meno unapoanzia kwenye video, alijua ule unaoitwa Mkwe unapowadia, na alijua ni jiwe gani huwafanya watu wafumbe macho.

Kazi yake ilikuwa kutoa picha ndani ya video. Mtu aliye kwenye maji makali, mikono yote miwili ikiwa kwenye kasia, hawezi kujipiga picha. Olman naye hana mkono wa ziada. Yeye hutangulia na kayaki yake, kamera ikiwa imefungwa kwenye helmeti, kisha hugeuka kulitazama boti linavyokuja. Kamera inarekodi kila kitu bila kuchagua. Kuchagua ni kazi ya Xinia. Wageni wakikaa kula chakula cha mchana, yeye ana saa moja ya kupitia safari nzima, fremu baada ya fremu, na kumpatia kila mmoja picha yake. Sekunde moja ya video ni fremu thelathini, na kati ya fremu moja na inayofuata uso wa mtu huweza kutoka kuwa punda ukawa mtakatifu.

Zamani alifanya kazi ya kukata mikanda ya filamu katika duka la picha mjini Turrialba, miaka kumi na sita, mpaka watu wakaacha kusafisha filamu na duka likafungwa. Huko ndiko alikojifunza kwamba mtu haji kuchukua uso wake. Anakuja kuchukua uso anaodhani anao.

Alikuwa hajaifungua video alipoona kivuli mlangoni. Mwanamke mfupi, mzee, taulo kichwani, sahani ya wali wa kuku mkononi bado haijaguswa.

"Binti, wewe ndiye mwenye picha?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Naitwa Otilia Brenes. Nina miaka sabini na sita." Aliketi bila kungoja kiti cha pili kuvutwa. "Una dada?"

"Sina."

"Basi Mungu anakupenda. Mimi ninaye. Ermelinda."

Akamweleza. Alipokuwa na miaka tisa, yeye na dada yake walikuwa wakivuka daraja la kuning'inia. Otilia alifika katikati, akaangalia chini, akakaa. Hakwenda mbele wala nyuma. Ikabidi muuza mikate ambebe mgongoni, kikapu cha mikate kikiwa kifuani, naye analia njia nzima huku mate yakimdondokea yule bwana shingoni.

"Mate hayo anayaongeza Ermelinda. Hayakuwepo. Miaka sitini na saba, binti. Kila Januari tunaposali rozari ya Mtoto Yesu nyumbani, majirani wote wamejaa sebuleni, kahawa inapita, anasimama: 'Niwaeleze siku Otilia alipokwama darajani?' Na wanaitikia! Hadithi wanaijua kuliko Baba Yetu, bado wanaitikia."

"Rozari ni lini?"

"Leo. Saa kumi. Nilipomwambia naenda mtoni, unajua alinijibu nini? 'Utakaa kwenye basi uwachungie wenzako mabegi.'" Doña Otilia akaiweka sahani juu ya printa. "Nataka picha moja tu. Niko ndani ya maji, macho wazi, nisionekane mwoga. Basi letu linaondoka saa nane."

"Nitaangalia, mama," alisema Xinia. Hakuwa mtu wa kuahidi. Aliitoa sahani juu ya printa, akamrudishia. "Kwanza ule."

Alipobaki peke yake akaifungua video. Upande wote wa kushoto wa picha ulikuwa na ukungu mweupe, mzito, kama kioo cha jiko la mama ntilie. Akasogeza mbele dakika kumi. Ukungu ule ule. Dakika ishirini. Ule ule.

"Olman! Njoo hapa!"

Olman akaja na kikombe cha kahawa.

"Asubuhi umekula nini?"

"Mbona unauliza kama daktari?"

"Umekula nini?"

"Tamali. Mama bado anazo za Krismasi, zimejaa friji nzima. Nizitupe?"

"Ngapi?"

Olman akaangalia kahawa yake. "Tatu."

"Na baadaye ukalamba lenzi."

Wapiga video wote wa mtoni hulamba lenzi kabla ya kila mkondo. Mate hufanya maji yatandae badala ya kusimama matone matone, na hakuna dawa ya dukani inayoyashinda. Lakini tamali za Krismasi, ule unga wa mahindi unaofungwa kwenye majani ya mgomba, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na mafuta ya nguruwe hayajui kutandaa.

"Niliona kitu kama moshi tulipokuwa tunaanza," Olman akakiri. "Nikapangusa kwa kidole gumba."

"Ukapangusa nusu."

"Nusu ya kulia imetoka safi, lakini. Sifa kidogo jamani."

Nusu ya kulia ilikuwa safi kweli. Bibi watatu na babu mmoja walionekana mpaka vifundo vya vidole. Ila Doña Otilia alikuwa amekaa mbele, kushoto mwa picha, na kwa kuwa Olman ni fundi anayejua kuliweka boti katikati, aliliweka katikati safari nzima, na Otilia akabaki ndani ya mafuta safari nzima. Mahali pake palikuwa na wingu dogo lililovaa helmeti.

"Anaonekana kama marehemu aliyerudi kuwasalimia," alisema Olman.

Xinia alitaka kukasirika, akacheka. Kisha akatazama saa. Saa saba na robo.

Alikwenda kwanza mwisho wa video, boti likiwa limeshavutwa mchangani. Pale Olman alikuwa amewazunguka kwa miguu, na Doña Otilia alipita upande wa kulia, kasia juu kama bendera, anatabasamu. Picha nzuri, macho wazi. Lakini maji yalikuwa nyuma yake, yametulia kama ya beseni.

Akaitunza. Halafu akafikiri. Kama Otilia yuko kushoto kila boti linapokuja likiwa limenyooka, basi anahitaji mahali ambapo boti halikunyooka.

"Olman, mligeuka popote?"

Olman akaangalia nje kwanza, alikokuwa nahodha anakula na wageni, akashusha sauti. "Kwenye Mkwe. Tuligonga jiwe, boti likaja ubavu. Nahodha ametuomba tusilitaje."

"Mimi silitaji. Nalitafuta."

Mkwe. Dakika ya arobaini na moja, sekunde ya kumi na sita. Boti lilipanda jiwe, likazunguka, na pua yake ikahamia kulia mwa picha, na Doña Otilia pamoja nayo, akatoka ndani ya wingu lake kama mtu anayetoka bafuni. Kisha boti likanyooka tena, naye akarudi kwenye mafuta. Xinia akahesabu fremu ambazo bibi alikuwa nje ya wingu. Zilikuwa ishirini na mbili. Hazikutimia sekunde moja.

Akaandika namba moja mpaka ishirini na mbili, zikishuka ukurasani, akaanza kuzipitia kwa kidole kimoja. Moja mpaka tisa: maji matupu, helmeti tu. Kumi mpaka kumi na tatu: mkono wa Don Ulises, karani mstaafu wa posta aliyekaa nyuma yake, umepita mbele ya uso. Kumi na nne: macho yamefumbwa. Kumi na tano: yamefumbwa. Kumi na sita: ameruka na boti, uso umekuwa mistari. Kumi na saba: jicho moja nusu, kama mtu aliyetoka harusini. Kumi na tisa mpaka mwisho: ukingo wa mafuta unaanza kumgusa uso.

Ya kumi na nane ilikuwa kali kama imechongwa. Matone yamesimama hewani kumzunguka. Macho wazi, yakitazama lenzi moja kwa moja. Na uso wote, kuanzia kidevu mpaka ukingo wa helmeti, ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa mpaka mwisho wa kuogopa.

Xinia aliitazama muda mrefu kuliko alivyozoea kuitazama picha yoyote. Mikono ndiyo iliyomshika. Akamtuma Olman amwite mwenyewe.

Doña Otilia alipoiona alirudi nyuma hatua mbili.

"Yesu, Maria na Yosefu! Huyo nani? Futa."

"Kuna hii nyingine, ya mchangani."

"Hiyo! Hiyo ndiyo. Nimependeza. Nipe hiyo."

Kwa kawaida Xinia angebonyeza na printa ingeanza kunguruma. Mteja ameshachagua. Badala yake alibaki na mkono juu ya meza.

"Ni nzuri, mama. Ila dada yako atauliza maji yako wapi."

Doña Otilia akaitazama tena ile ya mchangani.

"Sasa tazama hii ya kwanza. Usitazame uso. Tazama mikono."

Yule bibi akainama, pua karibu iguse kioo. Don Ulises alikuwa amejifunika kichwa kwa kasia lake kama mwavuli. Nyuma yake, hata ndani ya ukungu wa mafuta, makasia ya wale wengine yalionekana yamesimama juu, hayafanyi kazi yoyote. Kasia moja tu lilikuwa ndani ya maji, limezama mpaka shingoni, na mikono iliyolishika ilikuwa mifupi na yenye mishipa.

"Ni langu hilo?"

"Ni lako."

"Nahodha alisema 'piga mbele'," alisema Doña Otilia polepole, kama anayejitetea. "Nikapiga mbele. Hakusema tuache."

"Wenzako waliacha."

"Na niliogopa hivyo?"

"Uliogopa hivyo, na ulikuwa unapiga."

Olman, aliyesimama mlangoni, akasogea naye kutazama.

"Chapa hiyo," alisema Doña Otilia. "Ile ya mchangani wape klabu." Alipoishika karatasi, bado ina joto, akakunja uso. "Atasema imetengenezwa kwa kompyuta. Namjua. Wewe lazima uje umwambie."

"Mama, nina kazi."

"Kazi gani? Sisi ndio wa mwisho leo, nimeuliza."

"Nenda bwana," alisema Olman. "Nitafunga mimi. Nitapangusa na lenzi."

"Kwa sabuni," alisema Xinia.

Ndivyo alivyojikuta ndani ya basi la wastaafu, katikati ya nyimbo na taulo zenye maji, wakipanda kuelekea Juan Viñas kati ya mashamba ya miwa.

Nyumba ya akina Brenes ilikuwa imeshajaa. Pango la Krismasi lilichukua ukuta mzima, majani mabichi ya porini yametandazwa, wachungaji wa udongo, ngamia mmoja asiye na sikio. Rozari ilisaliwa na mpiga gitaa akaimba, na kahawa na tamali zikaanza kuzunguka. Xinia alizitazama tamali kwa makini kidogo, akachukua moja. Hapo Ermelinda akainuka. Alikuwa na miaka themanini, mrefu, nywele zimetengenezwa saluni.

"Jamani, niwaeleze siku Otilia alipo—"

"Tazama hii kwanza, dada," alisema Otilia, akamtia picha mkononi.

Ermelinda akatafuta miwani, akaivaa, akatazama. Sebule ikangoja. Xinia alikuwa tayari na maelezo yake: dakika, sekunde, namba ya fremu. Hakuulizwa.

"Mama," alisema Ermelinda.

"Mama gani?"

"Huyu ni mama yetu. Siku ile nguruwe alipoingia jikoni." Akaiinua picha watu waione, na vicheko vikaanzia kwa wazee waliomkumbuka marehemu, vikasambaa hadi kwa wasiomjua. Otilia alijaribu kununa, akashindwa. Alikuwa hajawahi kuambiwa anafanana na mama.

Ermelinda akairudisha karibu na macho. "Hawa wengine wanafanya nini? Wanaungama?"

"Waliacha kupiga."

"Na wewe unapiga."

"Napiga."

"Na umeogopa."

"Sana, dada."

Ermelinda akavua miwani. "Mimi nisingepanda," alisema, kwa sauti ya chini, kama anakiambia kikombe. Kisha akaenda kwenye pango, akamsogeza mchungaji mmoja, akaiegemeza picha kando ya ngamia, watu wote waione mpaka pango livunjwe Februari.

Jirani mmoja alichelewa, akaingia anapangusa miguu na kuuliza kuna habari gani. Ermelinda alimdaka mkono kabla hajafika kwenye kahawa.

"Hujasikia? Otilia kavuka Mkwe! Wenzake wote wamekata tamaa, nahodha kazimia, yeye peke yake ndiye anayepiga kasia. Wimbi lina urefu wa mnara wa kanisa!"

Doña Otilia, aliyeketi karibu na Xinia, alimgusa kwa kiwiko. "Eti, binti, lile wimbi kwa kweli lilikuwa na urefu gani?"

Xinia alijua. Kwa maji ya sabini, wimbi la Mkwe ni mita moja na robo.

"Sikupima, mama," alisema, akamega tamali yake.