Jina Nililoliweka Kati ya Marehemu

Harufu ya majani yaliyooza hunirudisha mara moja kwenye njia ya msituni kutoka Shabunda hadi Bukavu. Tuliitembea kwa miguu, mama na mimi, siku nyingi ambazo sikuweza kuzihesabu, mvua ikitunyeshea na nguo zikikaukia mwilini. Nilikuwa na miaka kumi. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimefika kijijini kwetu, na baba alikuwa amebaki nyuma kwenye kivuko cha mto. Alituambia tutangulie, yeye angemvusha kwanza bibi, aliyekuwa hawezi kukimbia. Hakutufikia tena. Siku tulipotokea juu ya kilima na kuliona ziwa, wenzetu wa njiani walipiga magoti wakamshukuru Mungu. Mama naye alipiga magoti. Mimi niligeuka kutazama tulikotoka, nione kama kuna mtu anakuja.

Dada mkubwa wa mama alitupokea huko mjini, mtaa wa Nyalukemba, katika nyumba ya sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi inateleza. Mwanawe Placide alikuwa wa umri wangu, na baba yake pia hakuwepo: alikwenda Kindu kwa kazi ya ofisi, vita vikafunga njia. Hilo ndilo lililotufanya ndugu. Tulikuwa sawa. Mama mkubwa aliongoza shirika, yaani lile kundi dogo la Wakristo jirani wanaosali kwa zamu nyumbani mwao, na kila juma shirika lilipeleka parokiani karatasi ya watu wa kuombewa katika misa ya Jumapili. Kwa kuwa baba alikuwa mwalimu na alinifundisha mwandiko mzuri, kazi ya kuandika karatasi hiyo nilipewa mimi. Juu niliandika walio hai na wako mbali, chini marehemu. Baba yangu na baba yake Placide walifuatana pale juu, mmoja chini ya mwingine. Nilisali sana msimu ule. Niliacha sukari kwenye chai, nilipiga magoti bila mkeka hadi yakachubuka, nikamweleza Mungu kila siku jinsi kile kivuko kilivyo, endapo hakijui. Placide alisinzia rozari ikianza.

Aliyerudi ni baba yake Placide. Alishuka Kavumu na ndege ya mizigo, amekonda, koti limemzidi, na nyumba nzima ikalia kwa furaha. Shirika lilifanya misa ya shukrani, na mama mkubwa akasimama mbele kutoa ushuhuda. "Mungu anajibu ile nyumba iko na imani," alisema, na watu wakapiga makofi. Mama yangu alipiga makofi pia. Nilimtazama nikajiuliza sisi tulikuwa nyumba ipi. Tangu hapo wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimwonea Placide wivu kwa kikohozi cha baba yake asubuhi, kwa sabuni yake ya kunyolea ndevu iliyonukia hadi ukumbini, hata kwa siku aliyovutwa sikio kwa sababu ya alama mbaya za hesabu. Nililitaka lile sikio liwe langu. Kwa desturi mume wa mama mkubwa ni baba kwangu, nami nilipaswa kumwita papa mukubwa. Nilimkwepa ili nisilazimike.

Juma lililofuata nikaletewa karatasi kama kawaida. Jina la baba yangu niliandika juu, peke yake. Kisha, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikaliandika jina la baba yake Placide chini, kati ya marehemu.

Jumapili jina hilo lilisomwa mbele ya watu wote. Mwenyewe alikuwa ameketi benchi la tatu. Mama mkubwa alipiga ukelele, na msomaji akaitazama karatasi kama iliyomuuma kidole. Yule bwana alisimama taratibu. "Kumbe miye niko marehemu? Basi munizike, lakini munipe kwanza bugali!" Benchi za nyuma ziliangua kicheko. Mimi nilifumba macho nikangoja kupigwa. Tulifundishwa kwamba Mungu hapigi bila sababu, na sababu nilikuwa nimempa. Nilingoja siku ile, na siku zilizofuata. Yule bwana akaendelea kuwa mzima, akanenepa, nami sikuumwa hata jino.

Aliniita nyuma ya nyumba. "Mwandiko iko yako. Juu ya nini ulifanya vile, mutoto?"

"Nilisikia wivu."

"Wivu ya nini?"

"Juu weye ulirudia."

Alikaa chini kwenye jiwe, kicheko kikamwisha usoni. "Ata miye ningesikia," alisema. Nililia kwa aibu, na sikumlilia Mungu, nilimlilia yule mtu niliyemtamani afe, aliyesogea pembeni anipe nafasi ya kukaa.

Shirika halikuishia hapo. Katekista alikuja Jumatano mchana, akaeleza kwa sauti ya upole kwamba sasa amejua sababu ya baba yangu kutorudi. "Zambi ya mu nyumba inafunga njia." Papa mukubwa alimwambia katekista, "Mwalimu, miye nimesamehe, na jina ilikuwa yangu." Hakusikilizwa. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto, walimpigisha magoti mama mbele ya majirani, kisha wakamzuia komunyo. Jumapili baada ya Jumapili nilimwona amebaki peke yake benchini, wengine wakipanga mstari. Mama aliamini walichosema. Hapo ndipo nilipoachana na Mungu wao, kimya kimya. Nilipoomba kwa moyo wote hakunijibu, nilipokosa hakuniadhibu, na watu waliosema kwa niaba yake walimwadhibu mwanamke aliyetembea msitu mzima akiwa amenishika mkono.

Nisiwadhulumu: ni watu hao hao waliotupa kitanda na chakula, na walifanya hivyo kwa jina lile lile. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, nimekutana na wema na ubaya ndani ya kila nyumba ya ibada na nje yake, na bado sijaona kwamba sala ndiyo inayotofautisha. Baba hakurudi. Placide anasali kule Bagira na watoto wake; mimi sisali popote.

Nilipoondoka nilikuwa nimemaliza sekondari. Papa mukubwa alinibebea begi hadi bandarini, Placide akitembea upande wake wa pili. Kabla sijapanda meli ya Goma alituwekea mikono vichwani, "Batoto bangu," akaanza kutuombea safari njema. Placide alifumba macho mara moja, uso ukamtulia kama wa mtu aliyefika nyumbani. Mimi nilibaki nimeyafumbua, nikimtazama, nikimwonea wivu kwa baba aliyekuwa naye, na kwa yule mwingine wa mbinguni, niliyejua hayupo.