Kompyuta ya Duka la Kushona

Nilikuwa nimeshona nguo Kansanga, hapa Kampala, kwa miaka mingi kabla sijafikiria kuchora paterni kwa kompyuta. Paterni ni zile karatasi tunazolaza juu ya kitambaa ili tukate, na zangu zilijaa gunia zima nyuma ya mlango, nyingine zimetafunwa na panya. Mteja akinenepa, nilichora upya. Binamu yangu wa Nairobi ndiye aliyenionyesha programu ambayo unaiandikia vipimo vya mtu, nayo inachora. Tena ni programu huria: walioitengeneza wameiachia kila mtu aitumie, aone ilivyoundwa ndani, na airekebishe akiweza.

Shida ilikuwa kompyuta yangu. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na mfumo wake wa kuiendesha ulikuwa umezeeka hata programu ile ikakataa kuingia. Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue nyingine. Sikuona sababu. Cherehani yangu imenizidi umri na bado inashona jinzi.

Nikajiunga na kundi la mtandaoni la watu wa Kampala wanaosaidiana kuweka programu huria. Walinishauri nibadilishe mfumo wote, niweke mwingine, huria pia, ulio mwepesi kwa mashine kuukuu. Nikapakua faili lake, nikalinakili kwenye flashi, nikawasha kompyuta. Ikawaka vilevile kama jana. Nikaandika kundini: "Imekataa. Nisaidieni."

Mtu mmoja aliyejitambulisha kwa picha ya mnara wa redio akajibu: "Mama, imekataa namna gani? Sema ulifanya nini, uliona nini. Sisi hatuko hapo kwako."

Sikuudhika. Hata mimi, mteja akiniambia tu kwamba gauni halimkai, humuuliza linambana wapi. Nikaeleza upya, hatua kwa hatua, nikatuma na picha ya skrini. Jibu likaja kabla chai yangu haijapoa: faili la namna ile halinakiliwi tu kama picha za harusi, kuna programu ndogo ya kuliandika kwenye flashi ili kompyuta iweze kuwaka kutoka humo. "Lakini kuja Jumamosi Wandegeya," akaongeza. "Tufanye pamoja."

Wanakundi walikutana katika chumba kilicho juu ya duka la kuchapisha. Mwenye picha ya mnara alikuwa mzee mrefu kutoka kaskazini, mwanajeshi mstaafu aliyefanya kazi ya mawasiliano. Wote walimwita Afande.

"Jambo, Afande."

"Jambo sana. Wewe ndio mama ya cherehani?" Akaivuta kompyuta kwake. "Ndani iko nini?"

"Vipimo vya wateja. Picha za nguo. Na sauti ya mama yangu akiimba kanisani, kabla hajafariki."

Akaondoa mikono yake kwenye kompyuta. "Hiyo sauti iko mahali ingine?"

"Hapana."

"Basi hakuna kubonyeza. Hii kitu itafuta yote. Toa kwanza, weka mahali mbili."

Muuguzi mmoja aliyekaa karibu akanikopesha diski yake, tukanakili yote humo, na nakala ya pili tukaiweka kwenye flashi nyingine. Tulikula chapati za mayai tukisubiri, huku Afande akiliandika lile faili kwenye flashi yangu kwa ile programu ndogo. Kisha nikafungua ile sauti kwenye kompyuta ya muuguzi, nihakikishe imehama salama. Mama akaimba mbele ya watu wasiomjua. Afande aliinamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Sasa tunaweza."

Akaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, akanyoosha kidole abonyeze. Nikamzuia.

"Afande, nitabonyeza mwenyewe. Ikiharibika, nataka nijue nilivyoiharibu."

Akacheka, akasogeza kiti chake nyuma. "Haya. Piga."

Nikabonyeza. Maneno yakapita mbio, mstari ukajaa polepole, kompyuta ikajizima, ikawaka tena ikiwa nyepesi kama siku ya kwanza. Ila haikuuona mtandao wa chumba kile hata kidogo. Watu wakaanza kubishana kwa Kiganda na Kiingereza, kila mmoja na dawa yake. Mimi niliitazama simu yangu mezani na waya wake wa kuchajia.

"Haiwezi kupata intaneti kwa simu, kupitia waya huu?"

Afande akapiga meza. "Mama anasema kweli!"

Tukachomeka. Kompyuta ikajipakulia kiprogramu kilichokuwa kinakosekana, na baada ya hapo mtandao wa chumba ukaonekana. Programu ya paterni iliingia kwa mstari mmoja wa amri; Afande alinisomea, mimi nikaandika herufi kwa herufi. Nikaijaribu kwa vipimo vyangu mwenyewe. Bega likajichora, kwapa, kiuno.

"Huyu ni nani?" akauliza Afande.

"Ni mimi."

"Uko na mabega ya askari."

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka kuwashinda. Nikateremka kwa wachapishaji na flashi yangu, nikatoka na rundo la karatasi za kuunganisha kwa gundi.

Blauzi niliyokata kwa karatasi zile ilinikaa vizuri, isipokuwa chini ya kwapa ilikuwa pana. Niliiweka paterni yenyewe kundini ili mwingine aitumie. Siku chache baadaye mshonaji wa Bunia, huko Kongo, aliyejiunga nasi kundini, akaandika: "Iko muzuri, dada, lakini ku kwapa umekosea." Alikuwa ameuchukua mchoro wangu, akaurekebisha, akaurudisha. Nikakata tena, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo cha duka. Kwa habari ya kwapa, alikuwa sahihi.

Tangu hapo tunatumiana michoro, na sura yake siijui. Juzi alinirudishia mchoro wa koti akiwa amepunguza kola. Nimemjibu kwamba kola ile iko sawa, aiache kama nilivyoichora.