Isale Mkononi, Breki Hakuna

Mpaka leo nikipita Old Moshi naangalia chini, maana waliokuwa kwenye mnada wa kanisani siku ile bado wapo na hawajasahau. Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine wakitia chumvi.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa fundi wa kuchomelea pale Njoro, na kichwa kilikuwa kimejaa pikipiki ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nilichukua injini ya pikipiki iliyokufa, nikafunga kiti cha gari bovu chini kabisa karibu na ardhi, unakaa umeegemea kama uko kwa kinyozi, miguu imenyooka mbele (watu wa Njoro waliiita kitanda). Shida ni kwamba ili niimalize nilimuuza ng'ombe wa maziwa ambaye mke wangu Aikaeli alipewa na wazazi wake, tena bila kumwambia. Aikaeli hakupiga kelele. Alimbeba binti yetu Neema, miaka minne, akapanda kwao Old Moshi, mimi nikabaki na kitanda changu.

Kwetu Uchagani ukikosa hivyo unamtafuta mzee wa ukoo, anashika jani la isale (ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani), na aliyekosewa akiletewa hilo hawezi kukataa kusamehe. Basi Jumapili moja, watu wakiwa ibadani, nikapanda na kitanda changu mpaka kwa baba mkubwa, mzee wa ukoo wetu, anayekaa juu zaidi ya wakwe zangu. Mzee akachuma isale, akavaa koti, akasema, "Tushuke kwa miguu, mwanangu. Si mbali." Nami kwa ujinga wangu nikamwambia tupande pikipiki, wakwe waone ng'ombe wao hakupotea bure. Akakaa kwenye keria nyuma ya kiti changu, tukaanza kushuka.

Sasa, kwa kuwa miguu ilikuwa mbali mbele, pedeli ya breki nilikuwa nimeiunga kwa kipande kirefu cha nondo (breki ya mbele sikuwa nimeifunga bado, msiniulize). Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga, nikasikia "tak", mguu ukaenda mpaka mwisho. Nondo ilikuwa imekatika palepale nilipochomelea mwenyewe. Nikajaribu kurudisha gia, ikagoma. Pikipiki ya kawaida ungeburuza miguu chini, lakini miguu yangu ilikuwa imenyooka mbele, nikiishusha inavunjika. Sijawahi kuogopa vile. Nyuma yangu baba mkubwa anasema "Ruwa, Ruwa", anamwita Mungu taratibu sikioni kwangu, na ule utaratibu wake uliniogopesha kuliko kama angepiga mayowe.

Tukapita kanisani, ibada imeisha, watu wako nje wananadi ndizi, wote wakageuka, wengine wakacheka. Mimi macho yalikuwa kwenye geti la wakwe, kule chini, na hapo nikamwona Neema anatoka mbio. Alijua mlio wa ile injini. Alikuja mpaka katikati ya barabara, mikono juu, anaita, "Baba kaja, baba kaja."

Sikufikiri. Nilikata usukani kushoto, tukapasua safu nzima ya masale ya mpakani kwa baba mkwe, tukaangusha migomba miwili, tukaishia ndani ya mfereji, mimi nimelowa mpaka kifuani na suruali imechanika pasipotakiwa, baba mkubwa kakaa kwenye matope bila hata mchubuko, isale bado kalishika.

Baba mkwe akaja bila haraka. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimelala chali. Akaliangalia isale, akaangalia mpaka wake uliobomoka, akauliza, "Hilo mmelileta la ng'ombe, au la masale yangu?"

Watu wa mnadani walikuwa wameshafika, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba mkubwa akachuma la pili kwenye yale tuliyoyavunja, akampa yote mawili.

Msamaha nilipata, na baada ya mwezi Aikaeli akarudi nyumbani. Ile pikipiki niliikata vipande kesho yake, na sitaunda nyingine wala kupanda ya mtu maisha yangu yote. Lakini siku ile, nilipotoka mferejini nikamnyooshea Neema mikono, alikuwa amesimama palepale barabarani, amejikojolea, na hakuja. Na kwa muda mrefu baadaye, ikipita pikipiki yoyote pale Njoro tukiwa tunatembea, aliuachia mkono wangu akakimbilia wa mama yake.