Alama ya Gumba la Verna

Verna Stottlemyer hafungui boksi. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza, na wateja wote wanaijua kabla hawajafika kwenye meza yake pale soko la vitu vya kale. Ukimletea midoli ya anga za juu iliyofungwa tangu kiwandani, atavaa glavu nyeupe, atawasha taa, atageuza boksi taratibu, atalinusa hata, kisha atatoa hukumu. Boksi ambalo halijawahi kufunguliwa ni mali. Likifunguliwa, hata kwa dakika tano, limebaki kumbukumbu. Watu wazima wenye mvi hulia mbele yake, wengine humtukana, naye humimina kahawa akangoja wamalize.

Kazi hii hakuisomea. Aliipata vidoleni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye mstari wa kufungashia katika kiwanda cha midoli kilichokuwa nje ya mji wetu, huku Ohio, kabla wenye mali hawajahamishia mashine ng'ambo na kutuachia majengo na popo. Alikuwa akipanga midoli sita kwenye sinia la plastiki, anabana kila bunduki kwenye kijishimo chake mpaka isikike "tak", anasukuma sinia ndani ya boksi, anatia gundi ya moto kwenye ulimi wa boksi, ile ncha inayokunjwa kulifunga, na kuukandamiza kwa gumba mpaka gundi ifurike pembeni na kushika alama yake. Wanawake wa mstari ule walijuana kwa magumba. Verna hata leo akiona gundi kuukuu anaweza kukuambia, huyu ni Lucille, huyu ni yule mvivu wa zamu ya mchana.

Jumamosi moja ya Februari, theluji ikiwa bado imerundikana barabarani, akaja mzee Orval Utterback, fundi bomba mstaafu wa miaka themanini na mmoja. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Akakifungua mezani: Kikosi cha Mwezi wa Saba, mwezi wa angani si wa kalenda, boksi la midoli sita, la mwaka 1984. Nyuma ya dirisha la plastiki walisimama kapteni, daktari, rubani, askari wawili na roboti mwenye jicho moja. Kila mmoja alikuwa na silaha pembeni yake, isipokuwa kapteni.

"Sikuja kuuza," alisema Orval.

"Wote hawaji kuuza," Verna akamtania. "Wakisikia bei ndipo wanaomba kiti."

Mzee hakucheka. "Nataka neno moja tu kwako, bibie. Lilifunguliwa au halikufunguliwa?"

Verna akamvutia kiti bila kuombwa. Akamuuliza kwa nini anataka kujua, na mzee akasimulia huku akiitazama taulo.

"Kazini palikuwa na jamaa mmoja, kanijaza maneno. Nunua, usifungue, likikaa litamsomesha mtoto chuo. Nikanunua. Krismasi nikampa mwanangu Curtis, ana miaka kumi na mmoja. Nikamwambia atazame tu, asifungue."

"Ukampa mtoto mdoli wa kutazama?"

"Ndiyo. Usinisute, nimeshajisuta vya kutosha. Dukani nilihesabu bunduki mwenyewe, sita. Wiki ya pili nalitazama juu ya kabati, naona tano. Ya kapteni haipo. Nani mwingine? Nikamwita mwizi. Nikamwita mwongo, mezani, mbele ya ndugu zangu wote."

"Naye akasema nini?"

"Baba, sijaigusa. Hivyo hivyo mpaka siku anaondoka nyumbani. Mimi nilitaka akiri tu, bibie. Angekiri yangeisha."

Hayakuisha. Curtis aliondoka na miaka kumi na minane, akaenda kuishi Oregon, upande wa pili wa nchi, na tangu hapo baba yake hupata kadi moja kila Krismasi yenye jina tu, bila salamu. Hasira hasara, tunasema, lakini anayeilipa mara nyingi si aliyekasirika. Mwezi Oktoba mkewe Orval alikuwa kitandani, amebakiza siku chache, akamshika mkono akamwambia: kabla hujafa, hakikisha. Mzee akachukua miezi minne kupata ujasiri wa kuliteremsha boksi kutoka kwenye kabati.

Verna akavaa glavu. Akaanza na ulimi wa chini: gundi ya kiwandani, ngumu, ya rangi ya asali, haijaguswa. Akageuza, akainamisha taa juu ya ulimi wa juu, akasogeza kioo cha kukuzia. Akainama zaidi.

Kwenye gundi hapakuwa na alama ya ngozi. Palikuwa na alama ya kitambaa, vijistari vidogo vilivyokatana kama chandarua.

Alikijua kitambaa kile. Septemba 1984 mashine ilimkata gumba, akashonwa nyuzi tano. Msimamizi akamwambia maagizo ya Krismasi hayangoji kidole cha mtu. Akafanya kazi wiki nzima gumba likiwa limefungwa bandeji, na mstari mzima hapakuwa na mwingine mwenye bandeji. Alikumbuka maumivu. Alikumbuka pia jambo ambalo hakumwambia mtu: wiki ile hakuwa akizibana bunduki mpaka zilie. Alizigusisha tu kwenye vijishimo vyake, akasukuma sinia, akaomba Mungu zifike.

Angeweza kusema "halikufunguliwa" na kuishia hapo. Ingekuwa kweli, na mzee angeondoka na jibu lake. Verna aliliwaza hilo, naye aliona aibu kwamba aliliwaza.

"Bwana Orval, boksi hili halijafunguliwa tangu siku lilipofungwa. Nina hakika, kwa sababu nililifunga mimi." Akavua glavu, akamwonyesha kovu. "Na bunduki sikuibana. Kidole kilikuwa kinaniuma. Uliiona dukani kwa sababu ilikuwa imeegeshwa tu. Ulipolipandisha kabatini, ikateleza."

"Ikateleza ikaenda wapi?"

Verna akalishika boksi kwa mikono miwili, akaliinamisha upande mmoja. Ndani, nyuma ya sinia, kitu kidogo kikagonga kadibodi. Tik.

Orval akafunika uso kwa taulo.

Alipotulia alitoa simu mfukoni, akabonyeza namba aliyoachiwa na mkewe, akampa Verna. "Sema naye wewe. Mimi atadhani uzee umenifika nataka kusamehewa. Wewe ndiye mtaalamu."

Verna akaweka sauti isikike kwa wote. Curtis akapokea. Verna akajitaja, akaeleza yote, bandeji, gundi, gumba, bunduki, na hakujipunguzia kosa hata nukta. 

"Yupo hapo?" Curtis akauliza.

"Yupo. Anakusikia."

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nilikuambia kwa mdomo wangu. Mara ngapi nilikuambia? Leo umeiamini gundi."

"Nimeiamini gundi," Orval akasema. "Ilinipasa nikuamini wewe. Nimekukosea, Curtis. Sina la kujitetea."

 Kisha Curtis akasema, "Lifungue."

"Nini?"

"Hilo boksi. Lifungue, nisikie."

Verna alijua anachokitazama. Boksi safi namna ile, tena lenye kosa la kiwandani ambalo wakusanyaji wa vitu hivi hulipigania, lingempatia mzee gari. Na kwa miaka ishirini kwenye meza ile hakuwahi kuruhusu ulimi wa boksi uguswe mbele yake. Akavuta droo, akatoa kisu chembamba, akakisukuma mbele ya mzee.

Orval hakukitaka. Akaingiza kucha chini ya ulimi wa juu na kuvuta. Gundi ya miaka thelathini na minane ikakatika kwa mlio mkavu, na alama ya bandeji ikapasuka katikati. Akatoa sinia. Bunduki ikadondoka mezani, nyeusi, ndogo kama njiti ya kiberiti.

"Hiyo ndiyo?" Curtis akauliza.

"Ndiyo hii."

"Mpe kapteni."

Mzee akamtoa kapteni kwenye sinia. Akajaribu kumshikisha bunduki, ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena, maana vidole vilivyofunga mabomba miaka arobaini vilikuwa vinene mno kwa kitu kidogo vile. Verna alitaka kumsaidia, akaikalia mikono yake.

"Tayari?" ikauliza sauti kwenye simu. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa karibu miaka hamsini, lakini ilikuwa inauliza kama mtoto.

"Bado kidogo, mwanangu. Usikate."

"Sikati," alisema Curtis. "Nangoja."