Siku Niliyomkana Mjomba Wangu

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hata harufu yake bado nnayo puani: harufu ya mahindi mabichi yaliyopigwa na jua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naendesha gari katika barabara ya mashamba huko Ayowa, katikati kabisa ya Marekani, na ubavuni pangu amekaa Mjomba Nassor, kaka yake mama yangu, kwa kanzu yake nyeupe na kofia ya viua, mikono ameiweka juu ya magoti kama mtu aliyekwenda kuposa.

Nyinyi wanangu hamkumuwahi, basi acha nikujuulisheni. Baba yangu alifariki Unguja nikiwa na miaka minne. Mjomba ndiye aliyetuchukua mimi na mama, na tulipohamia Maskati ndiye aliyetutafutia nyumba hapa hapa Darsait, mtaa wa pili kutoka hii tunayokaa sasa. Asubuhi alikwenda bandarini Mutrah, alikokuwa mtunza ghala. Jioni akinisomesha Qur'ani, kisha hesabu, kisha Qur'ani tena. Nyumbani alisema Kiswahili, na majirani Kiarabu, na wachukuzi wa bandarini Kihindi. Kiingereza sikupata kumsikia hata siku moja, nami nikaamini hakijui.

Serikali ilinipeleka Ayowa kusomea uhandisi wa maji. Nilipokuwa mwaka wa tatu, Mjomba akaugua moyo, na madaktari wa hapa wakaona bora apelekwe hospitali moja kubwa iliyokuwa kaskazini ya chuo chetu, mwendo wa saa sita kwa gari. Akapasuliwa huko. Mimi nikenda kukaa naye wiki tatu, nikimfasiria kila neno la daktari na kila neno la muuguzi, na yeye akinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. Alipopata nafuu, hospitali walitaka kumkatia tiketi ya ndege ya kurudi moja kwa moja. Akakataa. Akasema anataka kwanza apite chuoni kwangu, kwa sababu mama yangu alimuagiza aende akakione chumba ninacholala, arudi amwambie kilivyo.

Ndio tukatoka, asubuhi, kwa gari yangu kuukuu ya rangi ya kahawia. Daktari alinisisitiza nisimchoshe, kwa hivyo nikaiacha barabara kuu ya malori nikafuata ile ya zamani inayopita vijiji na miji midogo. Miji yenyewe, mwanangu, ukipiga chafya umeshaipita. Kila mmoja una tangi la maji lililonyanyuliwa juu ya miguu mirefu, limeandikwa jina la mji. Una kanisa, kituo cha petroli, ghala refu la nafaka kando ya reli, na mkahawa mmoja wenye magari ya wakulima yaliyoegeshwa nje. Kisha mahindi tena, mahindi, mahindi, mpaka mji mwengine.

Mimi njia ile ilikuwa inanichosha. Mjomba ilimfurahisha ajabu. Aliona kitu ambacho mimi kwa miaka mitatu sikukiona: kila gari tuliyopishana nayo, dereva alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akatusalimia. Wasiotujua, wasiopata kutuona. Mjomba akaanza kuwaitikia kwa kuweka mkono kifuani, mmoja mmoja, hata wale waliokwisha kupita. Akaniambia, "Hawa ni watu wa salamu. Mimi nilidhani salamu zimebaki kwetu tu."

Adhuhuri ikatukuta kwenye mji mmojawapo. Akataka kusali, akatandika msala wake kwenye majani mbele ya kituo cha petroli, mahali palipokuwa na kivuli kizuri. Nikamwambia pale pana moshi wa magari, twende nyuma. Moshi haukuwepo. Palikuwa na watu wanatazama, na mimi nilikuwa sitaki watazame. Akaukunja msala, akanifuata nyuma karibu na mapipa ya taka, akasali huko.

Nnakwambia haya ili ujue kwamba ile kubwa haikuja peke yake. Ilitanguliwa na hii ndogo.

Tukaingia mkahawani kula. Tulikuwa tumebakiza mwendo wa saa moja tu kufika chuoni. Mjomba nikamuagizia mayai na mkate. Alikuwa anakula taratibu, ananisimulia kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya bandarini, habari za punda mmoja wa Mutrah, mara nikamuona kijana tuliyekuwa darasa moja, Dani, anakuja mezani kwetu na tabasamu pana. Mji ule ndio ulikuwa kwao, kumbe. Sasa Dani huyu alikuwa mtu wa kupendwa na kila mtu pale chuoni, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nimemtia akilini kwamba sisi kwetu ni watu wakubwa, wa majumba na suti. Sikupata kumwambia uongo ulionyooka. Nilimuacha tu adhani.

Akanipa mkono, akamtazama Mjomba, akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu mzee ni nani?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayetoa mkono motoni, "Ni mgonjwa mmoja anatoka nchini kwetu. Ubalozi umeniomba nimfikishe uwanja wa ndege. Simjui."

Dani akatikisa kichwa, akamuinamia Mjomba kidogo kwa heshima, akaenda zake. Mjomba akamaliza mayai yake. Akafuta mikono kwa karatasi, kidole baada ya kidole, akashukuru Mungu, tukatoka. Mimi nilihisi nimeponea chupuchupu.

Tulipokwenda kama robo saa, mkanda wa feni ukakatika. Rejeta ikachemka, mvuke ukajaa mbele ya kioo, nikaiweka gari kando. Kushoto mahindi, kulia mahindi, na jua la Agosti kichwani. Sasa nikaanza kuogopa, maana mtu aliyepasuliwa moyo hakai juani. Nikamsogeza kwenye kivuli chembamba cha gari. Midomo yake ilikuwa imekauka na maji tuliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayamwaga kwenye rejeta kwa papara, bila ya kumuuliza kama ana kiu.

Alhamdulillahi, haukupita muda akatokea mkulima mmoja na gari yake ya mizigo, mzee wa makamo ya Mjomba, kofia ya jua kichwani na ovaroli iliyopauka. Hakuuliza maswali. Alitupandisha, akatupeleka nyumbani kwake, nyumba ya mbao nyeupe yenye ukumbi mbele. Mkewe akatuletea maji ya ndimu na mahindi ya kuchemsha, akamuwekea Mjomba mto mgongoni. Mkulima akapiga simu kwa fundi wa mjini, kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Mjomba. Wala hakunitazama mimi. Akamuuliza yeye mwenyewe: anatoka wapi, na huyu kijana ni nani kwake.

Mimi nikafungua mdomo nifasiri. Mjomba akaanza kujibu kabla sijasema.

Alijibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha taratibu, safi, cha zamani, kilichopigwa pasi. Akasema, "Tunatoka Maskati. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na Mungu akanipa mimi bahati ya kumlea. Anasomea uhandisi. Nilikuja kutibiwa, na yeye ndiye aliyekaa kitandani kwangu wiki tatu. Nyumbani kwetu hakuna mtu tunayejivunia kama yeye."

Mke wa mkulima akanigeukia, akasema nina bahati ya kuwa na mjomba kama huyu. Nikatazama gunzi la hindi mkononi mwangu. Mwanangu, nimepata kuanguka ngazi, nimepata kufeli mtihani, nimezika mama na mke. Sijapata kutamani ardhi inifunike kama nilivyotamani katika ukumbi ule, na wale watu wema wananitazama kwa macho ya kunisifu.

Fundi alichelewa. Mkulima na mkewe wakaingia ndani, tukabaki sisi wawili. Nikamuuliza, kumbe anajua Kiingereza. Akanambia kabla mama yangu hajaolewa, yeye alikuwa karani wa bandari kule Unguja, na kazi yake ilikuwa kupanda melini kuzungumza na manahodha. Nikamuuliza mbona hospitalini kaniacha nimfasirie wiki tatu nzima.

Akasema, "Nilipenda kukusikia."

Nikaanza kusema habari za mkahawani. Sikufika mbali. Akanyanyua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayemwambia mwenziwe asihangaike kusimama.

"Nimesikia," akasema. "Mimi hukunipunguza kitu, nnajijua mimi ni nani. Nilikuonea huruma wewe. Yule kijana kesho atakuuliza kwenu vipi, na baba yako alikuwa nani, na mama yako anafanya nini. Itakubidi umzulie mtu, kisha umzulie mwengine wa kumuunga mkono yule. Mwisho utakuwa umejaza nyumba watu wasiokuwepo, na waliokuwepo umewatoa nje. Utachoka, mwanangu. Hiyo ni kazi ya kuchosha sana."

Halafu akaomba nimsaidie kuinuka, anataka kuyatazama mahindi kwa karibu. Tukatembea polepole ukingoni mwa shamba. Sikusema nisamehe. Nilitaka, na mpaka leo najuta kwamba pale sikulisema.

Tukafika chuoni kabla ya magharibi. Akakikagua chumba changu, akafungua dirisha, akajaribu godoro kwa mkono, akaridhika. Asubuhi yake nikamchukua tukenda kula kwenye ukumbi wa wanafunzi, yeye na kanzu yake na kofia yake. Nikamtafuta Dani kwa macho, nikamuona, naye amesharudi kutoka kwao. Nikamwendea. Nikamwambia, "Jana nilikudanganya. Yule ni mjomba wangu, ndiye aliyenilea. Na kwetu si watu wakubwa. Anatunza ghala bandarini."

Dani akanitazama, akacheka kidogo. Akasema alishajua kuwa ni mtu wangu, kwa sababu pua zetu ni moja. Akaongeza kwamba jana hakuja kupeleleza, alikuja kutualika kwao, mama yake alikuwa nyumbani amepika. Kisha akenda mwenyewe mpaka mezani akamsalimia Mjomba, wakazungumza nusu saa nzima juu ya bei ya mahindi na namna panya wanavyoingia ghalani. Nami nimekaa kando, nnasikiliza, nikifikiri juu ya miaka mitatu niliyoipoteza kulinda kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitaka.

Mjomba alirudi Maskati, akaishi miaka miwili zaidi, akafariki mimi bado nipo masomoni. Niliporudi, mama alinisimulia yote aliyoyasikia kwa kaka yake: dirisha, godoro, watu wanaosalimia kwa kidole, mkulima na mkewe. Akasema, "Mjomba wako aliniambia ulimtunza kama mboni ya jicho." Habari za mkahawani hakumwambia. Akamficha dada yake, akafa nayo. Mimi nami sikuwa na ujasiri, mama akafa haijui. Nyinyi ndio wa kwanza kuisikia.

Nimekuhadithieni sasa kwa sababu juzi nilikuwa nimekaa hospitali nnangojea dawa zangu, na safu ya mbele yangu amekaa bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, msichana mzuri, kavaa vizuri. Bibi akamuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti yetu sisi wazee tusiosikia sawasawa, kama wameshaitwa. Msichana akatazama kulia, akatazama kushoto, akamjibu kwa Kiarabu, chinichini, kisha akahamia kiti cha pili. Sikumchukia. Ningewezaje, na mimi nilimtambua kama mtu anavyoitambua picha yake ya zamani? Nilitaka nimfuate nimwambie kitu, lakini nambari yangu ikaitwa.

Basi alichokikosa yeye chukueni nyinyi. Mtu wako akiulizwa, mtaje. Mtaje kwa jina lake na kwa nasaba yake, mbele ya huyo huyo unayemuonea haya, bila ya kutazama kwanza nani anasikiliza. Lugha aliyokulelea mwitikie kwayo, kwa sauti ile ile aliyokuitia. Usijidanganye kwamba hasikii au haelewi. Wazee wako wanaelewa zaidi ya unavyodhani, na wanakunyamazia kwa sababu wanakupenda. Na kama umeshateleza, maana sote huteleza, usitosheke na kujuta moyoni. Nenda kwa yule uliyemdanganya ukamwambie kweli, kisha nenda kwa uliyemkosea ukalitamke neno la msamaha kwa mdomo wako, angali yupo wa kulisikia. Mimi la kwanza nililifanya. La pili nnadaiwa mpaka leo, na kila Ijumaa nnamwombea Mjomba, lakini dua na radhi si kitu kimoja.

Nendeni mkasome, mkazunguke dunia, mkaingie katika miji msiyoijua. Mungu akufungulieni njia, akukutanisheni na watu wa salamu, akupeni afya ya kwenda na hamu ya kurudi, na awape wazee wenu umri wa kukuoneni mkiwataja kwa furaha mbele za watu. Amin.