Shati la Sajenti Mahakamani

Mama Dobi alikuwa akifua nguo za mtaa mzima tangu alipofiwa na mumewe. Mchana mmoja, akiwa anakoroga ndoo ya wanga wa kukazia mashati, mlango wake ulipigwa teke ukaangukia ndani. Hakusikia hodi wala salamu. Akammwagia ndoo nzima wa kwanza kuingia, huku akipiga yowe: "Wezi!"

"Sisi ni polisi!" akafoka sajenti, wanga ukimchuruzika masikioni. "Tunatafuta redio ya wizi!"

"Sasa mwanangu, ningejuaje? Mwizi naye huingia hivyo hivyo."

Akashtakiwa kwa kumshambulia askari. Mahakamani, shati la sajenti lililetwa kama kielelezo. Lilikuwa limekauka kau, likasimama lenyewe mezani, mikono juu, kama mtu anayejisalimisha.

Hakimu akauma midomo asicheke. "Sajenti, ulipiga hodi? Ulijitambulisha?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi mama alikuwa na haki ya kujilinda. Nenda nyumbani, mama."

Mama Dobi akashukuru, lakini hakuondoka. Alikuwa akilitazama lile shati, roho ikimuuma.

"Mheshimiwa, niruhusu kwanza nilipige pasi. Kola imekaa upande."