Mstari wa Tatu wa Bulengera

Rasimu ya kwanza ya habari hii ilimwita Kaswera wa Bulengera mwanamke aliyenunuliwa kwa chumvi. Rasimu hiyo imechanwa. Ilisimama juu ya mambo mawili ambayo jirani yeyote angeweza kuyashuhudia: kwamba magunia yake ya viazi yalikuwa yakipanda lori la mfanyabiashara mmoja, Kasimu, hadi soko la Beni, na kwamba siku zile zile Kasimu alikuwa akitafuta kura za wazazi wa shule. Mtu aliyesoma hupenda kufunga fundo kati ya mambo mawili kabla hajauliza la tatu. La tatu ni hili: nauli ambayo Kasimu alikataa kuipokea mkononi, Kaswera aliilipa kwa kumwachia viazi mlangoni. Na kama kuna kitu kilichoweza kumnunua mwaka ule wa 1963, basi kilikuwa paa.

Binti yake wa mwisho, Jokébed, alisoma katika darasa la wasichana, kibanda cha udongo na nyasi upande wa chini wa uwanja wa shule. Wavulana walikuwa na matofali na mabati. Nyasi za wasichana zilikuwa zimeoza, na mkuu wa shule, Bwana Phinées, kijana mwenye shati jeupe ambaye alikuwa bado hajaoa, aliwaambia wazazi bila kuzunguka: paa jipya lisipopatikana kabla ya mvua kubwa, wasichana watabaki nyumbani. Kaswera mwenyewe hakuwahi kuketi darasani. Kila alipomsikia Jokébed akisoma kwa sauti karibu na moto, aliacha kumenya viazi ili kisu kisifanye kelele.

Michango ya wazazi ilikuwapo. Kilichobaki ni kumpata mwenyekiti wa komite ya wazazi, kwa maana yeye ndiye angeamua kijengwe nini, kinunuliwe kwa nani, na kibebwe na nani. Waliotaka kiti hicho walikuwa wawili. Wa kwanza, Henri, aliuza saruji, mabati na misumari, na alikuwa amemwoa Kavira, binti mkubwa wa Kaswera. Wa pili, Kasimu, Mwislamu mzaliwa wa Beni, alikuwa na lori lililoleta mbao na kupeleka mboga. Henri aliona kwamba shule inahitaji ukuta wa saruji pande zote. Kasimu aliona kwamba inahitaji ukumbi wa mbao. Ukiwauliza habari za darasa la wasichana, wote wawili walijibu, “Tutaona.”

Kampeni ilinoga. Henri alichinja mbuzi na kumimina pombe ya ndizi. Jumapili padri alihubiri juu ya nyumba iliyojengwa kwenye mwamba, na nusu ya waumini wakageuka kumtazama Henri, kwa kuwa mwamba wa siku hizi huuzwa kwa mfuko. Kasimu hakuwa na padri, lakini alikuwa na honi. Aliipiga mbele ya kila ua wenye mzazi, akashusha kipimo cha chumvi, akaondoka huku akipunga mkono. Alipofika kwa Kaswera alimkuta mumewe, Kambere, akiota jua.

“Baba Kambere, njo hii chumvi ya mama,” alisema akimwonyesha kipimo.

“Leta, ndugu yangu. Jana nilikula mbuzi ya mukwe. Mbuzi bila chumvi, ile ni nyama gani?”

“Na kura je?”

“Kura iko kwa bibi. Mimi niko na tumbo tu.”

Kambere alisema kweli. Wanawake waliouza viazi na kabichi pamoja na Kaswera sokoni, karibu wote wenye watoto shuleni, walikuwa wamekwisha kumwambia, “Mama Kaswera, weye njo macho yetu. Kwenye utasimama, tutasimama.” Yeye alikuwa akisubiri mmoja kati ya wale wanaume wawili atamke neno “wasichana”.

Hapo ndipo Bwana Phinées alipotangaza namna ya kupiga kura. Mwaka uliotangulia wazazi walikuwa wametumbukiza maharagwe ndani ya kibuyu, na maharagwe yalipohesabiwa yalikutwa mengi kuliko watu.

“Mwaka huu, bazazi,” alisema, “kila mutu atasimama nyuma ya mutu mwenye anapenda. Maharagi inazala. Mutu hawezi kuzala pale pale mu mustari!”

Watu walicheka, wakaafiki. Kaswera peke yake hakucheka, na yeyote aliyekuwa na binti aliyeolewa angeelewa. Katika ukoo wao, kama katika koo nyingi za Wanande, mama na mkwewe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hawali chombo kimoja wala hawasemeshani ana kwa ana. Neno hupitia kwa mtu wa tatu. Kusimama nyuma ya mgongo wa Henri, hatua moja kutoka shingoni mwake, mbele ya Bulengera nzima, lilikuwa jambo ambalo hata ndotoni lingemwamsha. Bwana Phinées, asiye na mke wala mkwe, hakulifikiria.

Kavira alikuja kwa mama yake akiwa na mtoto mgongoni.

“Mama, ukienda kwa mustari ya Kasimu, mimi nitarudia kwa Henri na uso gani? Batu batasema mama yangu anamukataa mbele ya batu.”

“Na nikienda kwa mustari ya bwana yako? Nitaangalia shingo yake sawa vile mutoto anaangalia mwalimu?”

“Basi, ubakie tu nyumba.”

“Na Jokébed naye abakie?”

Kavira alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akaenda zake. Kaswera alikaa akijilaumu. Alijiona kama mtu aliyechelewa sana kusema. Angeweza kumtumia Henri neno mapema kupitia kwa Kambere. Angeweza kumwambia Kasimu waziwazi siku ya magunia. Alikuwa amengoja waungwana wajitambue, na waungwana walikuwa wanatazama saruji na mbao.

Siku ya kura uwanja ulijaa kabla ukungu haujaondoka kwenye mikaratusi. Henri alisimama upande wa juu, amevaa koti; Kasimu upande wa barabara, karibu na lori lake. Wanaume walijipanga kwa matani na kusukumana. Wanawake wa sokoni walisimama pembeni wakimngoja Kaswera.

Alikuja amejifunika kitenge kichwani, macho chini. Aliupita mstari wa Henri kwa mbali, kama heshima ilivyotaka. Aliupita mstari wa Kasimu, na moyo wake ukamwomba radhi kwa ajili ya viazi na magunia. Kisha akaenda kusimama peke yake penye kengele ya shule, ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu iliyotundikwa kwenye nguzo, mbele ya mlango wa kibanda cha wasichana. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka mahali ambapo haya yake isingemgusa mtu.

Aliposikia nyayo alidhani ni watoto. Aligeuka, akaona vitenge. Mwanamke nyuma ya mwanamke, walikuwa wanajipanga, na mkia wa mstari ulikuwa bado unateremka kutoka pembeni.

“Bamama! Munafuata nini huku? Mimi nimekuja hapa juu ya haya yangu!”

“Tulisema kwenye utasimama,” mmoja akajibu. “Umesimama.”

“Bamama bamepotea njia!” mwanaume mmoja alipiga kelele kutoka mstari wa Henri.

“Weye njo umepotea,” akajibiwa. “Ile mbuzi uliikula, sasa inakukula!”

Kasimu alikuwa wa kwanza kucheka. “Henri, angalia! Mbuzi yako na chumvi yangu, byote byenda kwa kengele!”

Kaswera alimwita Bwana Phinées kwa sauti kubwa. “Monsieur Directeur, mimi hapana kandida!”

“Mama, mimi nahesabu batu, hapana haya. Mwenye iko na mustari, iko na mustari.”

Wakati wote huo Kambere alikuwa amekaa katikati ya mistari ya wale wanaume wawili, mguu huku, mguu kule. Alikohoa, akashika kofia yake, akateremka polepole hadi nyuma ya wanawake wote. Waliomwona waliangua kicheko, na wanaume kadhaa wenye mabinti kibandani wakamfuata. Hesabu haikuwa na ubishi: mwenyekiti alikuwa Kaswera.

Aliyebisha alikuwa Henri. “Yule ni mama mukwe yangu! Nitasema naye mambo ya mabati namna gani?”

Hakujua kwamba alikuwa ameuliza swali lililo bora kuliko hotuba zote za kampeni ile. Wiki iliyofuata komite iliamua paa la wasichana litangulie, na Henri akaja kuuza mabati. Heshima ya ukwe ilidai Kaswera akae ndani, nyuma ya ukuta. Henri asimame uani. Kambere asimame mlangoni arudie maneno kwa sauti. Kambere alikuwa na sauti ya kuvusha ng’ombe mto. Majirani walitoka na vigoda.

“Mukwe anasema bei!” Kambere alinguruma, akaitaja.

Uani kukawa na mnong’ono. “Eh! Wiki ilipita ulimuuzia kaka yangu chini ya ile!” jirani mmoja alisema.

“Mwenyekiti anauliza kama mukwe anasikia majirani!”

Henri alijipangusa jasho. Alishusha. Majirani wakaguna. Akashusha tena, hadi pale ambapo hata yeye alianza kucheka na kumwomba baba mkwe apunguze sauti. “Hapana,” alisema Kambere, “mama iko mbali.”

Kasimu, aliyekuja baadaye kwa ajili ya nauli ya mbao, hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, na alidhani ataingia ndani aketi. Aliambiwa asimame palepale uani.

“Mimi pia nimeoa hapa?” aliuliza.

“Leo, ndiyo,” Kaswera alijibu kutoka ndani, na uani kote wakapiga makofi.

Paa lilikamilika kabla ya mvua kubwa. Mvua ya kwanza ilipoanguka, Jokébed alirudi akilalamika kwamba mabati yanapiga kelele hata mwalimu hasikiki. Kaswera aliipokea lawama hiyo kama sifa. Mwaka uliofuata, waasi walipokaribia na watu wakakimbilia milimani, yeye na wenzake waliyang’oa mabati yale, wakayalaza chini ya majani ya maharagwe, na amani iliporudi wakayapigilia tena, mashimo ya zamani yakizibwa kwa lami. Jokébed alikuja kuwa mwalimu huko Kalunguta.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilisimuliwa Bulengera kama kosa la kuchekesha la wauza viazi waliotii ahadi yao kupita kiasi. Ni baada ya rasimu ya pili kukamilika ndipo Safi, mke wa Kasimu, mzee sasa na mkazi wa Beni, alipoulizwa habari za chumvi akajibu habari nyingine. Aliyesimama wa kwanza kabisa nyuma ya Kaswera alikuwa yeye. Hakuwa muuza viazi, wala hakuwa amemwahidi mtu kwamba atamfuata. Binti yake Halima alikuwa katika kibanda kile kile, na mumewe alikufa bila kujua nani aliuanzisha mstari uliomshinda.